Mtamba Mmoja, Mwekundu

Swali la ishirini na tisa liliuliza kama mwombaji amewahi kutiwa hatiani na mahakama yoyote, kwa kosa lolote, wakati wowote. Naipanoi Kakuta alilisoma mara ya nne, fomu ikiwa juu ya goti, tumbo likinguruma kwa sauti aliyoomba mtu wa pembeni asiisikie. Alikuwa ametoka Mikumi alfajiri bila chai. Barabara inayopita kijiji cha Ulaya ilikuwa imefukuliwa na wakandarasi, vumbi lilimwingia hadi kwenye kope, na sasa ilikuwa imetimia saa tano na hakuna aliyeitwa. Mlango waliokuwa wakiungojea, katika jengo moja la serikali mjini Kilosa, haukuwa na kibao. Ulikuwa na namba tu, sita, iliyopakwa kwa rangi ya mafuta.

"Andika hapana," alisema mtu wa pembeni. Alikuwa Ditram, dereva wa kituo chao, mtu wa maneno mengi na shati zuri.

"Hapana wapi?"

"Kote. Mimi nimeshuka nayo kuanzia juu mpaka chini, hapana, hapana, hapana. Nimeandika ndiyo pale tu wanapouliza kama mimi ni Mtanzania."

"Na ile nyama?"

"Nyama gani?"

Naipanoi alimtazama. Miaka miwili nyuma Ditram alikamatwa na mapaja ya nyati chini ya mapipa ya mafuta, kwenye gari la kituo chenyewe, na kituo kizima kilisimama uani kikitazama nzi.

"Jalada halipo, dada yangu," Ditram alisema kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto. "Lilipotea. Kitu ambacho hakipo utakiandikaje?"

Wote wawili walikuwa wafanyakazi wa Pori la Akiba la Mkwambe, nje kidogo ya mji wa Mikumi. Ditram aliendesha. Naipanoi alikaa chumba cha redio, na kwa miaka saba alikuwa sauti ambayo askari wa doria waliisikia porini mahali simu hazishiki. Hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita Kituo. "Kituo, Kituo, hapa Doria Tatu," wangesema, naye angejua kwa pumzi tu kama wamekuta ujangili, wamechoka, au wamepotea. Miaka saba hiyo ilikuwa ya mikataba ya miezi sita sita, kila mmoja ukiisha anaandika barua ya kuomba kazi ileile anayoifanya. Sasa waraka ulikuwa umekuja kutoka juu. Kila anayegusa mitambo ya mawasiliano apekuliwe. Atakayepita upekuzi ataajiriwa moja kwa moja. Asiyepita, mwisho wake tarehe thelathini Juni.

Kuajiriwa kulikuwa na maana moja tu kwa Naipanoi, na maana hiyo ilikuwa mguu wa mama yake. Mama huyo, Nalepo, alikuwa na sukari, na kidonda cha kisigino kilikuwa kimekataa kupona tangu mvua za mwaka jana. Mtumishi wa kudumu ana bima, na bima inamchukua na mzazi. Daktari alikuwa amesema bila kuzunguka: kidonda kile kikisafishwa vizuri na dawa zisikatike, mguu utabaki, vinginevyo wataukata.

Kwa hiyo alitaka sana kuandika hapana. Kilichomzuia ni mistari miwili chini ya fomu, ya herufi nzito, iliyosema kwamba atakayetoa taarifa za uongo atakwenda jela. Kilichomzuia zaidi ni mazoea. Kazi ya redio ilikuwa imemfundisha kusema kilichosemwa, asiongeze wala asipunguze, kwa sababu ukisema mashariki badala ya magharibi mtu anakufa. Aliandika ndiyo.

*

Hukumu yake ilikuwa na historia fupi, na ya kijinga ukiisimulia kwa mtu ambaye hakuzaliwa kwenye boma la wafugaji.

Karatasi, kwao, ilikuwa kazi ya aliyesoma. Kadi za kliniki, vibali vya kusafirisha mifugo, barua za serikali ya kijiji, vyote vilisainiwa na Naipanoi tangu akiwa darasa la tano, kwa sababu ndiye pekee aliyejua kuandika. Hakuna aliyeona ajabu. Mwingine alichunga, mwingine alikamua, yeye alisaini. Akiwa kidato cha tatu, ng'ombe wa baba yake walikamatwa upande usioruhusiwa wa mto, na wenye bunduki walileta karatasi wakaiweka juu ya boneti la gari. Mzee Kakuta alimsogeza binti yake mbele kwa fahari. "Huyu anasoma," aliwaambia.

Naipanoi alisoma. Iliandikwa: mimi, mkosaji. Akauliza kwa nini mkosaji awe yeye. Wakamwambia ni maneno ya karatasi tu, saini ng'ombe watoke. Kesho yake, kwenye mahakama ya mwanzo, karani alimtazama kuanzia miguuni mpaka kifuani akaandika umri miaka kumi na tisa. Alikuwa na kumi na sita. Alikiri kosa kwa sababu ndivyo karatasi ilivyosema, faini ikalipwa, ng'ombe wakatoka. Jioni ile baba yake alimchinjia mbuzi. Hakuna binti wa rika lake aliyewahi kuchinjiwa mbuzi kwa kutiwa hatiani, na alimla kwa furaha kabisa.

Hilo ndilo la swali la ishirini na tisa. Lilikuwepo pia la thelathini na sita: taja zawadi, mali au msaada wowote uliowahi kupokea kutoka kwa raia wa nchi nyingine. Naipanoi aliandika: mtamba mmoja, mwekundu.

*

Waliitwa saa saba kasoro. Ditram aliingia akatoka baada ya dakika sita, akijipangusa kipaji cha uso kwa leso, akamkonyeza.

Ndani kulikuwa na meza, feni isiyozunguka, na kijana. Naipanoi alikuwa na miaka ishirini na nane; huyu, kama alikuwa amemzidi umri, basi ni kwa miwani tu. Labda alikuwa na ishirini na tano. Lakini jalada lilikuwa mbele yake, na jalada humkuza mtu.

"Shikamoo," Naipanoi alijisikia akisema.

Kijana hakushtuka. "Marahaba, dada. Karibu kiti. Naitwa Goodhope."

Alikuwa mpole, na upole wake ulimtisha kuliko ukali. Alipanga karatasi zake, akaweka kalamu sambamba na ukingo wa meza.

"Kwanza nikupongeze. Umejaza kwa ukweli. Wengi wanaandika hapana tu."

"Asante, afande."

"Mimi siyo afande. Sasa, mwaka ule uliingiza mifugo kwenye hifadhi."

"Sikuingiza mimi. Mimi nilisaini tu, kwa kuwa nilikuwa nasoma. Wazee hawakuwa wanajua kuandika."

"Lakini mahakamani ulikiri."

"Nilikiri."

"Kwa hiyo uliidanganya mahakama?"

Naipanoi alilitazama jalada.

"Nisaidie nikuelewe, dada," Goodhope alisema. "Ama ulitenda kosa, na leo unaomba kulinda pori kama lile ulilolivunjia sheria. Ama hukutenda, na uliiambia mahakama uongo. Mimi naandika lolote kati ya hayo mawili. Wewe chagua."

"Nilikuwa na miaka kumi na sita."

"Hapa imeandikwa kumi na tisa."

"Waliandika wao."

"Kwa hiyo na mahakama nayo ilidanganya." Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayejumlisha. "Sawa. Naandika kosa, maana ndilo jepesi kwako. Twende kwa mtamba."

Alitoa karatasi nyingine, orodha ndefu ya namba za simu, baadhi zimepigiwa mstari wa njano. Naipanoi aliitambua namba ile kabla hajaisoma. Alihisi jasho likimtoka mgongoni na akakasirika, kwa sababu hakuwa amefanya kitu na mwili wake ulikuwa unafanya kama amefanya.

"Kila mwezi unaongea na namba ya Kenya. Umemwandika hapa kwenye fomu Paashe. Nani huyo?"

"Ni mtu aliyenipa mtamba."

"Jina lake?"

"Paashe."

"Hilo jina, au cheo, au ni jina la kazi?"

Alijaribu kumweleza. Mtu mmoja wa Kajiado, mchuuzi wa dawa za miti, zamani aliugua malaria akiwa safarini akalala bomani kwao wiki tatu, na Mzee Kakuta akamuuguza. Miaka ikapita. Ukame ukaja, ukamaliza zizi, kisha ukammaliza na mzee mwenyewe. Yule mtu aliposikia, alikuja mpaka Kilosa kwa mabasi, akaenda mnadani, akanunua mtamba mwekundu, akamkabidhi Naipanoi kamba mkononi kwa kuwa Kakuta hakuacha mtoto wa kiume. Na kwa Wamaasai, waliopeana mtamba hawaitani tena kwa majina. Yeye anakuita Paashe, wewe unamwita Paashe, mpaka mnakufa. Kumwita kwa jina lake la kuzaliwa ni kumrudishia ng'ombe wake usoni.

Goodhope aliandika kwa muda. "Kwa hiyo mna jina mnaloitana, ambalo si jina la yeyote kati yenu."

"Ndiyo. Hapana. Ni heshima."

"Na yeye anapata nini?"

"Apate nini?"

"Mtu anasafiri kutoka nchi nyingine, anampa ng'ombe mwanamke anayekaa kwenye redio inayojua kila askari yuko wapi. Anakupigia kila mwezi. Anauliza nini?"

"Anauliza kama amezaa."

"Nani?"

"Mtamba."

Goodhope alivua miwani akaifuta. Kwa kitambo kidogo alionekana kweli ni mtoto wa mtu, aliyechoka, anayetaka kwenda kula. Naipanoi alidhani atacheka na mambo yataisha. Hakucheka.

"Dada, mimi sikuchukii. Nimesikia kwa mkuu wako wa kituo kwamba hakuna anayeiweza ile redio kama wewe. Nimesikia na habari za mama. Nakupa njia. Mpigie sasa hivi, hapa mbele yangu, kwa spika. Mwite kwa jina lake kamili. Mwambie uhusiano umeisha, asikutafute tena, na ng'ombe utamrudishia thamani yake. Ninaandika kwamba mahusiano ya nje yamekatwa. La hukumu ni la zamani, linasameheka. Hili la mahusiano ndilo linalokuua."

"Nitamwambia nyumbani, taratibu..."

"Hapa."

"Ni mzee."

"Hapa, dada. Na kwa Kiswahili."

Kuna watu wangesimama wakatoka. Naipanoi aliwafikiria watu hao na akawachukia kidogo, kwa kuwa bila shaka mama zao walikuwa na miguu miwili mizima. Alitoa simu kwenye mkoba. Kidole kilikosea namba ya siri mara mbili.

Iliita muda mrefu. Kisha sauti ikajaa chumbani, kubwa, yenye furaha, ikimwaga salamu za Kimaasai moja juu ya nyingine, Paashe, Paashe, na nyuma yake mbuzi wakilia. Goodhope alinyanyua kidole.

"Naongea Kiswahili leo," alisema Naipanoi.

"Sawa, sawa! Uko salama? Mama na mguu wake? Huku kumenyesha jana usiku, nyasi zitatoka."

"Naongea na Sironga ole Kaelo?"

Mbuzi walilia.

"Umeniita nani?"

"Sironga ole Kaelo," alisema tena, na sauti yake ilikuwa ile ya redioni, tulivu, iliyonyooka. "Nataka usinipigie tena. Yule mtamba nitakurudishia thamani yake. Mimi na wewe hatujuani."

Goodhope aliinama kutazama kama simu imekatika. Haikuwa imekatika.

"Kuna mtu ameketi na wewe hapo?" mzee aliuliza, pole pole.

Goodhope alitikisa kichwa.

"Hakuna," alisema Naipanoi.

"Haya." Mzee alivuta pumzi. "Nimesikia, Naipanoi binti Kakuta."

Simu ilikatika. Kijana alitazama ukutani, akaandika saa. Saa saba na dakika kumi na mbili.

"Umefanya vizuri, dada," alisema. "Nenda ukale."

*

Hakumwambia mama yake siku ile wala ya pili. Siku ya tatu mama Nalepo aliuliza mbona Paashe hajapiga, na mwezi umeshaandama. Naipanoi alimwambia yote, akiwa amepiga magoti mbele ya beseni la maji ya chumvi, kisigino cha mama mkononi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliuvuta mguu wake taratibu, akaufunga kitambaa mwenyewe, vibaya, na kwa siku nyingi hakumruhusu auguse.

Barua zilikuja baada ya wiki tano. Ya Ditram ilisema amekidhi vigezo vya upekuzi, na kwa kuwa kituo kina upungufu anateuliwa Mwendesha Mitambo ya Mawasiliano. Ya Naipanoi ilikuwa na mistari mitatu. Hakukidhi. Asante kwa utumishi wake. Akabidhi vifaa.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kituo, Mzee Kornelio, mtu mzima aliyebakiza mwaka na miezi astaafu na aliyetaka sana kustaafu kwa amani.

"Shikamoo, mzee. Nataka kujua kwa nini."

"Marahaba, mwanangu. Hawasemi kwa nini."

"Nilifanya walichotaka. Kila kitu."

Kornelio alimtazama, akatazama mlango. Kisha alifungua droo, akaweka karatasi moja mezani ikiwa imeelekea upande wa Naipanoi, akasimama kwenda dirishani, akaanza kutazama magurudumu mabovu uani kama vile yalikuwa yameletwa leo.

Karatasi ilisema kwamba mlengwa ana hukumu ya kosa la kuingiza mifugo hifadhini. Kwamba amewasiliana na raia wa kigeni, kwa simu yake mwenyewe, akiwa ndani ya ofisi ya serikali, saa saba na dakika kumi na mbili mchana. Kwamba katika mawasiliano hayo alimkana mfadhili wake wa miaka kadhaa ndani ya dakika mbili, jambo linaloonyesha wepesi wa kubadili msimamo anaposhinikizwa. Mtu wa aina hii, iliandikwa, anaweza kushinikizwa na yeyote. Haipendekezwi.

Naipanoi alisoma mara mbili. Kilichompanda hakikuwa kilio. Kilikuwa hasira kavu, iliyomfanya masikio yazibe, na hakuwa na mtu wa kumtupia isipokuwa mzee huyu aliyempa mgongo.

"Wamesema kweli," alisema.

"Mimi sijakuonyesha kitu," alisema Kornelio dirishani.

*

Ditram alikaa kwenye redio siku nne. Siku ya kwanza alijibu Doria Nne kana kwamba anaongea na abiria. Siku ya pili aliwatuma Doria Mbili kwenye korongo lisilokuwa lao, wakarudi jioni miguu imevimba. Siku ya nne alimwita Doria Tatu saa nzima kwenye mawimbi ya kituo kingine, na jioni ile Kornelio alipiga hodi nyumbani kwa Naipanoi, kofia mkononi.

Hakuzunguka. Wafagizi hawapekuliwi, alisema. Nafasi ya mfagizi ipo. Atalipwa kwa siku. Kwenye daftari atasaini Ditram, kwenye kiti atakaa yeye.

"Na bima?"

"Kibarua hana bima, mwanangu. Unalijua hilo."

"Ditram amekubali?"

"Ditram ndiye aliyenituma."

Alikubali. Tuseme ukweli, hakufikiri hata usiku mmoja. Dawa za kidonda zilikuwa zimebaki za siku tatu. Kwa hiyo mwanamke ambaye serikali ilikuwa imeandika kwamba haaminiki kushika redio aliishika kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na kizibao cha bluu cha usafi juu ya gauni, ndoo ikiwa imewekwa karibu na mlango iwe ushahidi. Ditram alilala kwenye gari, akaingia mchana kusaini. Wakubwa walisifu daftari. Askari porini walijua na hawakusema kitu, isipokuwa Yared wa Doria Tatu, aliyekuwa na utani.

"Kituo, Kituo, hapa Doria Tatu. Ditram, leo una sauti nzuri."

"Doria Tatu, sema shida yako."

"Sina shida, Kituo. Nimekusikia tu, roho imetulia."

Juni ilikwisha, Julai, Agosti. Vidole viwili vya mguu wa mama Nalepo vilikatwa hospitalini, na daktari alisema wana bahati kwamba ni viwili. Kutoka bomani hakuna aliyekuja kuwatembelea. Habari za namna alivyomwita yule mzee zilikuwa zimewafikia watu, jinsi habari zinavyofika.

Septemba, siku ya Jumanne, gari jeupe liliingia getini bila taarifa. Kornelio alikuja mbio kwenye korido, mtu wa umri wake, kiatu kimoja hakijafungwa.

"Chukua ndoo! Wamekuja kukagua nani anakaa kwenye mitambo. Ditram! Ditram yuko wapi?"

Ditram alitolewa kwenye gari, akavalishwa vipokea sauti shingoni, akakaa. Naipanoi alijimwagia maji miguuni kwa haraka, akainama na tambara mlangoni pa chumba cha redio. Goodhope alifika na wenzake wawili. Alikuwa amenenepa kidogo. Alimwona Naipanoi, akamtambua, na kwa sababu alikuwa mpole alisimama.

"Dada. Bado upo hapa?"

"Nafagia, kaka."

"Ni vizuri. Kazi ni kazi." Aliruka sehemu iliyolowa akaingia.

Waliuliza maswali, Ditram akajibu. Waliomba daftari, likafunguliwa, saini zilikuwa zake zote. Kornelio aliagiza soda. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri mno, na Naipanoi alikuwa ameanza kusukuma ndoo aende uani, redio ilipokohoa.

"Kituo, Kituo, hapa Doria Tatu. Haraka."

Alijua kwa pumzi.

"Doria Tatu, sema," Ditram alisema, akiwatazama wageni.

"Nyati amempiga Deo. Paja. Tupo Kwa Mbega, chini, upande wa maji. Tunataka gari."

"Rudia, Doria Tatu."

"Kwa Mbega! Upande wa maji!"

Ditram alikigeukia kibao cha ramani ukutani. Kwa Mbega hapakuwa kwenye ramani. Ni jina walilolitunga Naipanoi na askari wenyewe, mwaka wa pili, kwa ajili ya mti mmoja na mbega wake, ili wasielezane dakika kumi. Ukitokea getini unapita korongo la pili, unakata kushoto kabla ya jiwe lililopasuka, dakika ishirini na tano. Ukikosea kushoto hiyo unaingia kwenye matope, na utatoka kesho.

"Rudia, Doria Tatu. Mashariki au magharibi?"

"Damu ni nyingi," ilisema redio. "Ninaomba Kituo. Ninaomba Kituo mwenyewe aongee."

"Anamtaka nani?" aliuliza mmoja wa wageni.

"Ndiye huyu, mheshimiwa," alisema Kornelio, akimwonyesha Ditram. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Alimtazama Naipanoi mlangoni, na macho yake yalimwomba, waziwazi, asifanye.

Naipanoi aliacha tambara. Alisimama kwenye kizingiti, maji yakimchuruzika viganjani, na alisema kwa sauti ile iliyonyooka:

"Korongo la pili, kushoto kabla ya jiwe lililopasuka. Mwambieni dereva asiingie upande wa kulia, kuna matope. Mwambieni Yared afunge paja kwa mkanda, juu ya jeraha, akaze. Sasa hivi. Ditram, bonyeza uongee!"

Ditram alipeleka kidole kwenye kitufe.

"Subiri," alisema Goodhope.

Alisema kwa upole, na kidole cha Ditram kilisimama. Kijana alimtazama Naipanoi, akalitazama daftari, saini baada ya saini, akamtazama tena.

"Mfagizi anajuaje askari walipo?"

Kornelio aliinama, akafunga kiatu chake.

"Kituo," redio iliita. "Kituo, unanipata? Kituo."

"Mtu anakufa kule," alisema Naipanoi.

"Nimesikia, dada. Ndiyo maana nataka tufanye haraka." Goodhope alimvutia kiti, akamfungia mlango nyuma yake, akatoa kalamu. Kisha akanyoosha mkono, akapunguza sauti ya redio ili amsikie vizuri.